Kahawa Waliyoiweka Chini

Al Khoudh, Maskati
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Zuwena, mama yake Hafidh,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nakuandikia nimekaa kiti cha nyuma cha basi, kivulini mwa ukuta wa chuo, karatasi nimeilaza juu ya kisanduku cha spana, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Vipi goti lako? Ile dawa ya kuchua imekusaidia, au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na mikarafuu ya upande wa bondeni imeshika mwaka huu, au mvua imeyapukutisha maua?

Mimi kwa mwili sijambo, alhamdulillahi. Presha imeshuka, kula nnakula, na sala ya jamaa hainipiti ila nikiwa barabarani. Mwanao naye mzima, kanenepa shingo, masomo anapasi. Lakini kuna jambo, dada, na usiku wa pili huu usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako hupokelewa na wajukuu, wakaiweka sauti kubwa, na khabari ikafika uani kwa jirani kabla haijafika sikioni mwako. Barua hii nampa Bi Salma, anasafiri Jumanne. Isome peke yako.

Alhamisi ya wiki tatu nyuma chuo chetu kilicheza mpira hapa nyumbani na chuo kidogo cha Qurayyat. Qurayyat ni mji wa pwani, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, watu wake wengi ni wavuvi na wenye mitende. Hafidh, kama ujuavyo, ndiye mshambuliaji wetu, na wenziwe hawamwiti jina, wanamwita Mpemba. Wageni walikuja kwa magari matatu ya nyumbani, na moja likawafia njiani mlimani, na ndani yake alikuwamo golikipa wao. Wakaomba wasubiriwe nusu saa. Mwalimu wetu wa mpira, naye si mtu wa nchi hii, akatazama saa yake akasema, "Saa ni saa." Basi wakaingia watu kumi, na golini wakamweka beki, kijana mwembamba anaitwa Mundhir, glavu za kuazima zinamvuka vidole.

Mapumziko yalikuta saba bila. Nikamfuata mwalimu nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha kubahatisha, "Wapumzishe wakubwa, waingie wa benchi, nao wapate kucheza." Akanambia kwenye kundi magoli yanahesabiwa, timu zikilingana pointi huangaliwa magoli. Hafidh yuko hapo anakunywa maji, akaingilia:

"Mjomba, ukimwonea mtu huruma uwanjani ndo umemtukana. Unamwambia hafai hata kufungwa."

Neno hilo lina ukweli wake. Nikarudi kwenye kazi yangu. Sikukwambia, siku za mechi mimi ndiye ninayeweka namba kwenye kibao cha magoli. Kibao chenyewe kina msumari mmoja tu kila upande, na namba zake zinakomea tisa. Lilipoingia la kumi nikaacha tisa pale pale. Nikasema moyoni, Mola kanisaidia, tisa yatosha. Kidogo namwona mwanao anakuja mbio.

"Mjomba umelala? Kumi hiyo!"

"Namba zimekwisha, baba."

"Zimekwisha nini! Andika!"

Akapasua katoni la maji akanipa, na kalamu nzito akaitoa kwa mwandishi wa chuo. Nikaandika, dada. Kwa mkono wangu huu, kumi, kumi na moja, na wanafunzi waliokaa ukingoni wanapiga makofi kila nikigeuza, na mimi, Mungu anisamehe, mara moja au mbili nilicheka nao. Yalifika kumi na sita.

Mechi ikawa si mechi. Wanafika golini wanapeana pasi wao kwa wao, anayefunga afunge kwa kisigino. La mwisho Hafidh alimpita Mundhir, akasimama na mpira juu ya mstari, akangoja yule kijana anyanyuke, ndipo akausukuma kwa unyayo. Akamwinamia akamwambia, "Mvuvi, leo nyavu zako zimejaa!" Wenziwe wawili walikuwa nyuma ya goli wanapiga picha za video kwa simu. Mundhir alivua glavu akazikunja vizuri, moja ndani ya nyingine, kama nguo ya mtu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye shari.

Ada ya huku, mechi ikisha mwenyeji huwakaribisha wageni mkekani, tende, halua, na kahawa. Wakakaa wale kumi, na mtu mzima mmoja aliyekuja nao, Mzee Khalfan, baba yake Mundhir. Kahawa ikamiminwa. Mzee akapokea kifinjani chake, akakiweka chini mbele yake kimejaa. Wa pili yake akaweka. Wa tatu akaweka. Vifinjani kumi na kimoja vimekaa mkekani, moshi unapanda, na hakuna aliyegusa tende.

Mimi miaka ishirini na mbili niko huku, nnajua maana yake. Mgeni akiiweka kahawa asiinywe, ana haja, na mwenyeji wajibu wake ni kuuliza, "Haja yenu nini?" Akishajibiwa ndo kahawa hunywewa, na mambo huisha. Nikamtazama mwalimu, yuko kwenye simu. Vijana wenyeji wanaoijua ada hiyo walikuwa wamekwenda kuoga. Ulimi ukanijia kwenye meno niulize mimi. Nikajiambia, wewe dereva, nani kakuweka mwenyeji? Nikanyamaza.

Na hapo hapo Hafidh akatokea na taulo shingoni. Akaona kahawa inapoa. Akachuchumaa mbele ya Mundhir, akasema, "Hunywi? Basi lete." Akakichukua kile kifinjani akakinywa mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, akacheka.

Najua hakukusudia. Pemba kahawa ukiiacha mwenzio anainywa, hapana kosa. Lakini pale hapakuwa Pemba. Mzee Khalfan akanyanyuka, na wote wakanyanyuka naye. Aliponipita akanambia kwa Kiswahili safi, maana kazaliwa Unguja akaletwa huku mdogo, "Haja ya mwanangu imenywewa. Tutaonana kwetu."

Marejeano ni Jumamosi hii inayokuja, Qurayyat.

Ijumaa ya juzi, siku yangu ya mapumziko, nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mzee nyumbani kwake, kanipokea vizuri mno, kaulizia mpaka watoto wangu. Kahawa ilipokuja nikaiweka chini. Naye akauliza pale pale.

"Haja yako nini, ndugu yangu?"

"Nimekuja kwa ajili ya kijana wetu. Tumekosa. Na mimi nimekosa zaidi, maana nilijua nikanyamaza."

"Unajua siku ile tulitaka nini?" akaniuliza. "Tulitaka neno moja tu. Mfute zile video. Kumi na sita tumefungwa, tumekubali, mpira ndivyo ulivyo. Video tu."

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Maana video ile, ya "nyavu zimejaa", vijana wetu waliirusha usiku ule ule na wametia muziki. Imefika kila mahali. Huko Qurayyat watoto wa madrasa wanaiigiza wakitoka darasani. Mundhir hajarudi kusoma tangu siku ile. Hatoki hata kwenda sala ya Ijumaa, anasali chumbani, na chakula mama yake anakiweka mlangoni. Nilipokuwa pale nilisikia mlango wa ndani ukifunguka kidogo, kisha ukafungwa.

Nikasema, "Basi nambie tufanye nini."

Akanisogezea kifinjani changu karibu. "Kunywa, wewe ni mgeni wangu. Kahawa hii si yako kuiweka chini. Mwenyewe aje." Kisha akateremsha sauti. "Na aje kabla ya mpira, si baada yake. Watoto wa ndugu zangu nnawazuia kwa maneno, na maneno yangu yanakaribia kwisha. Siku ile watu watakuwa wengi. Sitaweza kuwa kila pahala."

Niliporudi nikamweka Hafidh kitako nikamweleza yote, neno kwa neno.

"Kahawa, mjomba? Watu wazima watagombana kwa kahawa?"

"Si kahawa. Yule kijana umemvunja."

"Mpira una kufunga na kufungwa. Mimi nikifungwa kumi na sita sijifungii chumbani."

"Hujapata kufungwa hata manne, we mtoto. Utajuaje?"

Akacheka, akanikumbatia, unamjua alivyo, ana mapenzi. Kisha akanambia mwalimu kawaahidi jezi mpya wakifikisha magoli ishirini kule kule kwao.

Nimefikiri sana, dada. Yale magoli kwanza nilidhani ndiyo dhambi, kisha nikadhani si dhambi, maana mchezo ni mchezo. Lakini tulifundishwa madrasa, Iblis hakuiba wala hakuua. Alisema tu mimi ni bora kuliko huyu. Mwanao ana moyo mzuri, basi mtu mwenye moyo mzuri akishaonja kucheka mwenziwe akiwa chini, nani atamwambia ateme? Baba yake hayupo, Mungu amrehemu. Mimi nimesema, sauti yangu imegonga ukuta.

Na jana Jumamosi likaja gari jeupe langoni, ndani vijana wanne, kanzu safi, udi unanukia mpaka nje. Wakanisalimia kwa adabu, wakamuuliza mlinzi, "Yupi ndiye aliyekunywa kahawa?" Hafidh alikuwa anapita na vitabu vyake. Kabla sijafungua mdomo akanyanyua mkono, "Mimi hapa!" kama anayeitwa kupewa zawadi. Wakashuka wote wanne, mmoja mmoja, wakampa mkono. Hawakutukana. Hawakupaza sauti. Wakamwambia, "Karibu sana Jumamosi, tunakungoja," wakaondoka. Mwanao akanigeukia, "Unaona mjomba? Watu wazuri hawa." Mimi mgongo wote umenilowa jasho, na jua lilikuwa limeshapunguza ukali.

Nimemwendea mwalimu nimemwomba mechi iahirishwe. Kanambia niangalie matairi.

Kwa hiyo nakuomba, dada. Mpigie mwanao, mwisho Alhamisi, na usiwataje wale wa gari jeupe, akisikia vitisho atavimba kichwa akaenda kwa ubishi. Mwambie khabari ya Mundhir tu, na sahani ya mlangoni. Mwambie wewe mama yake unamtaka aingie nyumba ile aombe radhi kabla hajavaa viatu vya mpira. Mimi hanisikii, wewe hajapata kukukatalia.

Nami nimekwishaamua langu, na hapana aliyeambiwa ila wewe. Jumamosi tunaondoka baada ya adhuhuri. Nikiingia Qurayyat sitakata kushoto kwenda uwanjani. Nitanyoosha hadi mlangoni kwa Mzee Khalfan, nizime injini, timu nzima na mwalimu wao wamo ndani. Hafidh akishuka nitashuka naye, na nitaomba radhi kwanza mimi, maana mimi ndiye niliyeandika zile namba. Asiposhuka nitachomoa funguo niingie peke yangu, na basi litabaki pale pale mpaka ashuke. Kazi huenda nikaipoteza. Hilo si kitu. Linaloniogopesha ni kuwa nitakuwa nimewasimamisha watoto wa watu mbele ya mlango huo huo wenye ghadhabu, na njia ni nyembamba, basi haligeuki. Kila nikisali istikhara naiona njia hiyo hiyo, sioni nyingine.

Nisalimie shemeji, kaka yake mke wangu, mwambie viatu vyake vya namba arobaini na tatu nimepata, vinakuja na Bi Salma. Nisalimie shangazi yetu mkubwa, muombe dua yake ya baada ya alfajiri ataje jina la mwanao, na la Mundhir pia. Salamu kwa mwalimu wetu wa madrasa, kama bado anatambua majina, na kwa mke wangu na wanangu, ila haya usiwaeleze.

Ukishazungumza na Hafidh, usinipigie kunieleza kajibu nini. Kwenye simu atakwambia ndiyo, unamjua. Mimi nitangoja nimefungua mlango wa basi, nitazame kioo cha juu, nione kama kiti chake kimebaki kitupu au bado kakaa.

Mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,
Masoud