Mlango wa Kupoza Kioo

Jumatatu, 18 Septemba
Nimechoka mpaka kwenye kope. Mwanangu Kalina anaota jino la tatu, kalia mpaka alfajiri. Mwalimu Tihomir kanieleza tena, taratibu: kioo cha darubini hushika joto la mchana kama tofali la tanuri. Kisipopoa sawa na hewa ya nje, nyota zinaonekana zikitetemeka, yaani zinachemka. Basi saa kumi jioni nifungue paa la banda, nifungue mlango wa jikoni unaotokea bandani, hewa ipite, niwashe feni. Ijumaa chama chao cha watazama nyota kinakuja kutazama. Wakiridhika, mimi mtunzaji wa kudumu na tunabaki katika nyumba hii yao. Mume wangu Ognjen atarudi kutoka Austria — kasema mwenyewe! La sivyo, darubini inahamia mjini. Sisi sijui wapi.

Jumanne, 19 Septemba
Nilifungua. Mama mkwe akafunga. Nikafungua. Akafunga, akaziba na taulo chini. Kwetu hakuna anayekufa kwa uzee, wote wameuawa na promaja, ule upepo wa milango miwili iliyo wazi. Eti mjomba wake alikaa kati ya madirisha mawili dakika moja tu, mdomo ukaenda upande mpaka kaburini. Nikamwuliza kama hakuwa mlevi. Akasema mlevi alikuwa, ila mdomo ulikuwa umenyooka.
Nyota zilichemka. Mwalimu akaifunika darubini, akaenda zake. Bora angenigombeza.

Jumatano, 20 Septemba
Narudi kutoka dukani — mama kakifunika kioo kwa blanketi la sufu! Kilikuwa baridi kama maiti, anasema, alikionea huruma. Nilicheka. Halafu nikalia kidogo chooni.

Alhamisi, 21 Septemba
Leo mkosaji ni mimi. Asubuhi kioo kilikuwa kimepoa, kikavu, safi. Mama akapika jemu ya plamu, sufuria kubwa, nami nikaacha mlango wazi kwa ukaidi tu. Mvuke wote ukaingia bandani. Kioo kikashika umande, kikawa cheupe kama mtoto wa jicho. Mama akaja mbio akifute kwa aproni, nikamdaka mkono. Kukifuta ni kukikwaruza! Tukafunga mlango, feni polepole, tukaketi tukiutazama umande ukiondoka kuanzia ukingoni. Saa nzima.
"Kumbe nacho kinaogopa promaja," akasema.

Ijumaa, 22 Septemba
Saa kumi kasoro. Wanakuja saa moja. Kalina ana homa, anakohoa kama kijibwa. Jiko la kuni ni moja tu, kitanda chake kiko hapo hapo jikoni. Mama hajanilaumu, na hilo ni baya zaidi.
Nilishika komeo, nikaliachia. Mara mbili.
Mama akavaa koti la marehemu mumewe, akajifunga shali kiunoni, figo zisipigwe na baridi. Akamwingiza Kalina ndani ya koti. Akageuza kiti, akaupa mlango mgongo.
"Fungua, mwanangu. Mgongo wangu umeshazeeka."
Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Kalina kanyamaza humo ndani, naona kofia yake tu. Mama anauliza nangoja nini.