Fuawe la Babu Bustanini

Jumatatu, 14 Julai
Nimefagia bustani ya mji. Nimemwagilia maua. Nimeliosha fuawe la babu, lile jiwe jeusi lenye mshipa mweupe alilofulia majembe. Hapa Masumbwe tuna fuawe, mivukuto na ngoma ya mtemi, na hakuna anayevieleza kama mimi. Darasa la tano nimeishia, lakini walimu wananiletea wanafunzi. Leo nimewaambia babu akipiga nyundo hapa, ng'ombe wa Kahama walikuwa wanakata kamba. Wakaandika. Safi sana.

Jumamosi bustani inafunguliwa rasmi. Baba atakuja kulishika jiwe la baba yake. Macho yake yamekufa zamani, mikono ndiyo inayoona. Kila asubuhi anamuuliza dada kama Jumamosi imefika.

Jumatano, 16 Julai
Chai kwa Mama Leticia. Wachimbaji wawili, wageni. Mmoja akanicheka: "Mjomba, yaani mtu mzima unalinda mawe?"

Ikaniuma. Mawe? Nikamwambia lile fuawe la babu lina dhahabu. Babu akigonga, cheche za njano zinaruka, bibi anazidaka kwa ungo. Kibanda kizima kikacheka. Mama Leticia akasema, "Mjomba Masanja, urongo wako utakuja kuota mkia!"

Wale wawili hawakucheka. Nikajua nimewaweza.

Alhamisi, 17 Julai
Fuawe halipo.

Nimeandika ili nione kama nitaamini. Halipo. Saruji iliyolishikilia imevunjwa, vipande vimezagaa, alama za tairi za guta mpaka barabarani. Nilikaa chini kwenye majani kama mtoto. Polisi wamechukua maelezo.

Baba sijamwambia.

Ijumaa, 18 Julai
Nimezunguka kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Kwenye la mwisho mwendeshaji akanikumbatia. "Mjomba, shikamoo! Tulikuita muongo, kumbe jiwe limetema!"

Limetema. Dhahabu! Dhahabu ile niliitunga mimi, pale pale, kikombe mkononi.

Wale wawili wameshaondoka, hajulikani walikoelekea. Mwendeshaji ameapa hakujua jiwe ni la bustani. Nikaomba marudio, ule mchanga unaobaki. Akanijazia kiroba.

Babu yangu yumo kwenye kiroba. Sijala.

Jumamosi, 19 Julai
Baba alikuja na kaunda suti yake, dada amemshika mkono. Nilikuwa nimeandaa la kusema: jiwe limepelekwa Mwanza kusafishwa kwa dawa za Kizungu. Zuri kabisa. Lakini aliponyoosha mkono kulitafuta, ulimi ukagoma. Nikaushika ule mkono nikauingiza kwenye kiroba. Nikamweleza yote, ya kibandani, ya karasha, ya dhahabu.

Alisugua mchanga kwa vidole. Kisha akasema, "Kwa hiyo wamejua."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akasema babu aliiona dhahabu ile akiwa kijana, akalitoa jiwe shambani kwetu, akalifanya fuawe mbele ya kila mtu, maana nani ataiba fuawe? Kama watu wangejua lilikotoka, wangechimba mpaka chini ya vitanda vyetu. Baba aliapishwa asiseme. Hata mama hakuambiwa. Amekaa na siri hiyo kifuani miaka yote hii, mimi namsimulia habari za ng'ombe wa Kahama.

Nilikuwa kama nimepigwa shoka. Bado niko hivyo.

Akanigeuzia uso. "Masanja. Nani alikuambia?"

Nikasema hakuna, baba. Nilitunga.

Huyu ni mzee niliyewahi kumwambia fisi amenisalimia kwa Kisukuma, akaniuliza kama nilimwitikia. Leo nimesema kweli tupu. Hakuniamini. Alimwomba dada amrudishe nyumbani.

Jumapili, 20 Julai
Asubuhi nimewakuta watu mpakani mwa shamba letu, sururu begani. Wamenisalimia kwa heshima sana. Wamesikia jiwe limetema, wanataka niwaonyeshe babu alilitoa wapi. Nikasema sijui. Wakacheka, wakaendelea kusimama.

Nimefagia bustani. Marudio nimeyamwaga pale lilipokuwa jiwe, nikayasawazisha kwa kiganja.

Mgeni mmoja akauliza hapo palikuwa na nini. Nikasema, jiwe. Akasubiri niendelee.

Nikaenda kumwagilia maua.