Ulivyonifundisha Ishirini na Moja

Shangazi Fatuma,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Ungeniuliza kama adabu zangu nimezisahau Ukunda.

Leo ni miezi saba tangu tukuzike. Nimepata siku mbili za mapumziko hotelini, nikaja nyumbani Munje. Baba ametoka kwenda shambani kuangalia mikorosho yake, nami nimefagia chumba chako. Kitanda kipo palepale dirishani, ila sasa kimelaliwa na magunia ya mahindi, maana panya wamemshinda Baba kule ghalani. Usikasirike. Magunia nimeyapanga vizuri.

Nina habari ya kukupa. Nikimweleza mtu mwingine hataielewa, kwa sababu inaanzia kwenye karata.

Unakumbuka siku uliyorudi? Miaka kumi na minne ulikuwa mgawaji wa karata katika kasino kule Diani, na miaka tisa ya mwisho Baba hakukutaja jina, wewe dada yake wa tumbo moja. Kisha zikaja habari kwamba una kansa, umeshakatwa ziwa moja, na huna wa kukuuguza. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda kukuchukua mwenyewe. Akakupa chumba, akakutundikia chandarua kipya. Lakini maneno hakukupa. Kila asubuhi alisimama mlangoni, ukasema, "Shikamoo, kaka," akajibu, "Marahaba," akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yenu ya kutwa nzima.

Mama alikuwa Lunga Lunga akimlea mjukuu, na mimi hoteli ilikuwa imetupumzisha kwa kuwa wageni hawakuwapo. Basi nikawa mimi wa kukupikia uji na kukukanda miguu.

Wiki ya pili ukaniambia, "Riziki, hii dari itaniua kabla ya maradhi. Nitolee kile kimkoba." Nikakutolea. Ndani mlikuwa na pakiti ya karata zilizolainika kama kitambaa kwa kushikwa.

Karata, ndani ya nyumba ya Baba! Baba ambaye redio ikitangaza bahati nasibu huizima na kuiweka mbali kama iliyomtukana.

"Shangazi, hii si haramu?"

"Kamari ni haramu, na mimi nimeshatubia kwa Mola wangu," ukasema. "Sikufunzi ili ukacheze. Nakufunza kwa sababu ndicho nikijuacho vizuri hapa duniani, na sitaki miezi hii niwe ninakupa maradhi tu."

Ukanituma mbegu za ukwaju, ziwe ndizo pesa zetu za kuwekea dau. Nikaleta kopo zima. Ukaweka sharti: kila tukimaliza, mbegu zote zinarudi koponi, hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Ndivyo tulivyoanza.

Wewe wajua jinsi nilivyokuwa naogopa hesabu. Shuleni nilikuwa nikiitwa ubaoni natamani ardhi inimeze. Ulipoanza, "Shabaha ni ishirini na moja, au karibu yake kuliko mgawaji, lakini ukiipita umeungua," mimi tayari jasho. Ukanipa polepole. Mfalme, malkia na ghulamu, kila mmoja kumi. Ree, ile karata ya moja, ukipenda ni moja, ukipenda ni kumi na moja. Karata mbili za mwanzo zikiwa ree na kumi, hiyo ndiyo ishirini na moja yenyewe, hakuna haja ya kuongeza. Mimi nafungua zangu mbili, wewe unafungua yako moja na nyingine unaifunika. Nikitaka karata nasema "ongeza", nikiridhika nasema "tosha".

"Na wewe, Shangazi, unaamua nini?"

"Mimi siamui kitu. Mgawaji hana hiari. Mpaka kumi na sita lazima aongeze, akifika kumi na saba lazima asimame. Wewe ndiye mwenye kuchagua, kwa hiyo chagua kwa akili."

Siku tatu nilikuwa naungua tu. Nikiona kumi na mbili naongeza, nikiona kumi na nne naongeza. Ukanipiga kikofi kidogo mkononi. "Unazitazama zako tu. Tazama kwanza nina nini mimi." Hilo ndilo lililonifungua macho. Ukiwa na tano au sita, wewe ndiye uliye taabuni, kwa sababu sheria itakulazimisha kuongeza na huenda ukaungua. Basi mimi na kumi na tatu yangu dhaifu nakaa kimya, nakungoja. Ukiwa na saba au zaidi, kukaa kimya hakufai, lazima nijaribu. Nikiwa na kumi na moja, niweke mbegu maradufu. Nikipata nane mbili, nizitenganishe, maana kumi na sita ni mkono mbaya kuliko yote. Ree mbili, nizitenganishe. Kumi mbili, nisiziguse, ni tamaa tu. Na ukifungua ree halafu ukaniuliza kama nataka bima, yaani niweke dau la pembeni kwamba karata uliyoifunika ni kumi, nisichukue hata siku moja, maana faida yake huenda kwa kasino.

Niliyaandika yote nyuma ya kalenda. Baada ya wiki sikuihitaji kalenda. Nilikuwa najumlisha karata tatu kabla hujaziweka chini, na ulikuwa unanitazama kwa jicho ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunitazama nalo.

Tena hukunidanganya. Siku niliyojisifu kwamba sasa nimekuwa bingwa, ukasema, "Ukicheza sawasawa kabisa, nyumba, yaani kasino, bado ina upande wake wa faida. Miaka kumi na minne nilikaa upande ule. Ninajua walivyoingia na walivyotoka."

Wakati huo Baba alikuwa amehamishia kazi yake ya kusuka makuti chini ya dirisha lako. Alisema kivuli cha pale ni kizuri. Sisi tukamwamini! Na wewe ulikuwa na mazoea ya kazini, kila karata unaitangaza kwa sauti: "Sita kwangu. Kumi na tatu kwako."

Siku moja ilikuwa hivyohivyo, sita kwako na kumi na tatu kwangu. Mimi shetani gani alinipitia sijui. Nikasema, "Ongeza."

Mara dirishani: "Ah! Kwa nini anaongeza? Mwenzake ana sita! Si amwache aungue mwenyewe!"

Tulitazamana, Shangazi. Kisha ukacheka. Ulicheka mpaka ukashika kidonda chako kwa mikono miwili, machozi yanakutoka, huku unaniambia, "Usinichekeshe," na mimi sijasema neno. Baba akatokea mlangoni na ukuti mkononi, uso kama wa mtoto aliyekutwa na kipande cha sukari guru mdomoni.

"Kaka, keti," ukamwambia.

"Mimi sichezi."

"Hakuna anayecheza. Tunafanya hesabu."

Akaketi kwenye ncha ya kiti. Kesho yake akaketi kiti kizima.

Siku ya tatu ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Ulimgawia, ukatangaza: "Kumi kwangu. Kumi na sita kwako, kaka." Nilijua jibu, na yeye alilijua, maana alishalisikia mara nyingi pale dirishani: mgawaji akiwa na kumi, kumi na sita unaongeza, ingawa mara nyingi utaungua. Hakusema "ongeza". Alizitazama zile karata muda mrefu. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Fatuma, siku Mama alipofariki ulikuwa wapi?"

Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha siku ile ya msiba, naikumbuka. Bibi alifariki asubuhi, akazikwa baada ya alasiri. Bintiye wa pekee hakuwapo kumwosha. Ulifika wanaume wakirudi makaburini, na Baba akakwambia mbele ya watu wote kwamba aliyezoea kugawa karata hana mama wa kumlilia. Uligeuka ukaondoka, na buibui lako limejaa vumbi.

Ukamjibu kwa sauti ya chini. "Nilikuwa zamu ya mchana, tangu asubuhi. Simu zetu zilikuwa zinafungiwa kabatini tunapoingia, hatuzioni mpaka tutoke. Nilipotoka nikakuta umenipigia mara kumi na moja. Nilikimbia, kaka. Viatu nilivivulia njiani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Baba aliziweka karata kitandani. Sikuwahi kumwona Baba analia, hata kwenye msiba ule wenyewe. Alilia kwa sauti, mkono wake juu ya mguu wako kwenye shuka, akisema, "Nisamehe, mdogo wangu. Miaka tisa. Nisamehe." Na wewe ukasema ulishamsamehe zamani, ila ulikuwa na hasira kama yake na hukutaka kuwa wa kwanza kuja.

Mlipotulia ukapangusa uso kwa ncha ya leso. "Sasa mkono wako je?"

"Ongeza," akasema Baba. Ikaja tisa. Akaungua, na nyote wawili mkacheka tena.

Nashukuru tulipata zile wiki tano baada ya siku hiyo. Mikono yako ilipoishiwa nguvu, Baba akawa ndiye mgawaji, anatangaza karata kwa sauti kama yako, na wewe unajibu umelalia mto, macho umefumba. Alfajiri uliyotutoka alikuwa amekushika mkono, anakutamkisha shahada. Nilikuosha mimi na mama wa jirani. Nilikuosha taratibu, kama ulivyostahili.

Sasa habari yenyewe.

Hoteli ilituita kazini. Nimerudi dobi, kwenye mashuka. Mwezi uliopita wakatangaza kwamba kasino ya jirani inatafuta wagawaji wa kufundishwa, na wafanyakazi wa hoteli wanaweza kujaribu. Nilikwenda. Nakwambia ukweli, nilikwenda kwa hamu ya kuzishika karata tu, kwa sababu nilikuwa nimekukosa. Mwalimu wao ni kijana wa bara anaitwa Kevo. Alinipa mikono kumi, akaniuliza maswali, akabaki ameduwaa. "Aki Riziki, hii kitu umefunzwa na nani? Wenzako wanachukuanga miezi!" Nikasema, nimefunzwa na shangazi yangu. Nilisema kwa fahari, Shangazi. Akaniambia kazi ni yangu nikiitaka.

Nilimpigia Baba simu. Nikamweleza. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Njoo nyumbani tuzungumze."

Jana nilifika. Nilijua atakachosema. Nilikuwa nimejipangia na majibu ya kukutetea wewe. Alinikalisha kibarazani, akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Kazi hiyo siipendi, na nikikwambia naipenda nitakuwa mnafiki. Lakini ukiichukua, utakuja hapa siku yoyote, saa yoyote, na hutabisha hodi kama mgeni. Mimi nilimfungia mmoja mlango. Sitafunga tena."



Nikamweleza kwamba nilishaamua njiani. Siku ile ya majaribio Kevo alinifundisha jambo moja la mwisho: mgawaji akifungua ree, amtazame mgeni, atabasamu, amwulize kama angependa kuchukua bima. Nilijaribu kutabasamu. Nilijaribu mara tatu. Najua bima ile si ya kumfaa mgeni, kwa hiyo uso ulikataa. Simlaumu Kevo, ndivyo kazi ilivyo, na hata wewe uliifanya, na mkono wako ulilisha watu. Ila mimi ulinifundisha kutoka upande wa pili wa meza, Shangazi, na upande huo ndio niliouzoea. Leo asubuhi nimempigia Kevo, nikamshukuru, nikakataa.

Tena mwezi huohuo uliopita nilifanya jambo jingine ambalo litakuchekesha. Nilijiandikisha darasa la kutunza stoo, la jioni, pale Ukunda. Lina hesabu tupu. Somo la kwanza mwalimu aliuliza swali nikajibu kabla hajamaliza kuliandika, darasa zima likageuka kunitazama. Mimi! Nilitamani ungekuwepo nyuma, kwenye dawati la mwisho, na lile jicho lako.

Baba hajambo. Magoti yanamsumbua kipindi cha mvua. Kila Ijumaa baada ya sala hupita makaburini kukuombea wewe na Bibi. Akirudi anakunywa maji, anakwenda shambani. Mama amerudi kutoka Lunga Lunga na anasema Baba siku hizi anaongea mno. Nimemwambia amvumilie, ana miaka tisa ya kulipa.

Sitakuandikia tena kwa muda, kwa kuwa mitihani inakaribia. Nitakuombea dua badala ya barua, na nadhani dua hufika upesi zaidi. Mola akupanulie kaburi lako, akutie nuru, akukutanishe na mama yako aliyekungoja siku ile.

Nami nakuahidi hili, Shangazi. Siku nitakapokuwa na mtu wangu, awe mtoto, awe mume, awe ndugu, akachelewa pale nilipomhitaji sana, nitamketisha, nitampa maji, nitamwuliza alikuwa wapi. Kisha nitanyamaza mpaka amalize kunijibu.

Lala kwa amani.

Mwanao,
Riziki