Makombo ya Babu

Jumanne, hapa mtaani Oli. Mvua haijaacha tangu mchana, na mimi nimejikunja kwenye kiti kama jogoo aliyemwagiwa maji.

Leo nina haya. Mimi, mzee niliyemtania padri mbele ya jeneza!

Mjukuu wangu Ayikoru ana miaka tisa. Alizaliwa na ugonjwa wa watoto wachache sana: tumbo linajaa lakini kichwa hakipati habari. Njaa yake haiishi, na unene unamkaba pumzi akilala. Mama yake anampimia chakula kwa kikombe na kufunga jiko kwa kufuli. Nikampa mkwe wangu jina, Askari Jela. Nilicheka peke yangu.

Kwetu mzee hamalizi sahani, anambakizia mjukuu. Mkwe alinikataza. Nikaitikia vizuri, nikahamia nyuma ya nyumba. Kwanza nilibakiza tonge moja. Baadaye nusu ya enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki juu. Ayikoru alinipigia makofi. Nani hapendi kupigiwa makofi?

Mkwe akaniona nakonda, akadhani naumwa, akaniongezea chakula.

Nikapokea.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Mwanangu yuko Koboko kwa biashara zake, basi niliwasindikiza mimi. Mzani ukasema kilo nne zaidi.

"Mama, we nafunga jikoni kweli?" muuguzi akauliza.

"Nafunga, sista. Fungulo iko hapa kwa shingo yangu."

"Sasa hii kilo natoka wapi? Utaua mtoto na huruma yako."

Mkwe akalia mbele ya watu. Mimi nikaangalia dari, kama vile kuna ng'ombe wangu anayekula majani huko. Ayikoru akaniangalia. Mtoto asiyeweza kufunga mdomo mbele ya chakula aliufunga kwa ajili yangu.

Getini mkwe akanichomekea mkate ndani ya koti, mtoto asione. "Baba, utakula nyumbani. We nakonda sana."

Jioni nimekula sahani yote, nikakwangua. Ayikoru alisimama pale nyuma ya nyumba, mikono tayari kwa makofi.

"Babu, yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha sahani tupu.

Mama yake bado hajui. Nimemwita mara mbili. Mara ya kwanza nikaomba maji. Ya pili nikaomba kiberiti.

Sasa maji ninayo, kiberiti ninacho. Namwita mara ya tatu.