Mstari Nilioruka Kwenye Barua ya Chama cha Raga

Mpendwa Shangazi Mereoni,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ijayo, na tafadhali badilisha majina yote, sema tu ni huku juu kwenye Bonde la Sigatoka, kwa sababu gazeti lako kijijini kwetu husomwa kwa sauti na msomaji mwenyewe ni mimi.

Nina miaka kumi na sita, raga siiwezi, nikirushiwa mpira nafumba macho, kwa hiyo kazi yangu klabuni ni kuandika matokeo na kusoma barua. Baba alipofariki mama alirudi kwao pamoja nasi, ndiyo maana tunaishi kwa mjomba wangu Apisai, ambaye ni kocha, na kaka yangu Isikeli ndiye nahodha. Mwezi uliopita chama cha raga kilituletea barua kuhusu sheria ya majaribio, kwamba msimu huu mwenye mpira akabwe chini ya mfupa wa kifua tu, na anayemkaba juu zaidi anaadhibiwa. Barua ilikuwa ya Kiingereza kigumu cha ofisini, nikaisoma wazee wakiwa wamezunguka bakuli la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, nikitafsiri mstari kwa mstari, mpaka nikafika panaposema kwamba klabu isiyotaka kuingia kwenye majaribio iandike kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na hapo, Shangazi, nikaruka nikaenda moja kwa moja kwenye salamu za mwisho.

Mzee Eroni alikuwa wa kwanza kufoka. "Kukaba kiunoni? Sisi tulikabana shingo, na shingo zenyewe hizi hapa!"

Binamu yangu Kaveni akamwambia, "Mbona yako inageuka upande mmoja tu, Babu?"

Watu walicheka, mjomba hakucheka. Alisema, "Wametulazimisha. Hata kutuuliza hawakutuuliza." Nami nikakunja barua nikaitia mfukoni.

Sikuruka kwa kiburi. Mwezi wa sita Isikeli aligongana kichwa kwa kichwa na mtu wa timu ya ng'ambo ya mto, akamaliza mechi akicheka, lakini jioni alitapika nyuma ya jiko, akanishika bega akaniita Marika, na Marika ni jina la marehemu baba, kisha alipopata nafuu akaniapisha nisimwambie mtu, hasa mama. Tangu siku hiyo kila mechi nilikuwa naandika pointi huku namtazama yeye tu, na mara mbili nilikosea matokeo.

Sasa tumecheza mechi tatu kwa sheria mpya. Ya kwanza tuliaibika, tulipigiwa penalti tisa, Kaveni akasema tunatambaa kama kaa, lakini ya tatu tulishinda, na Isikeli siku hizi anarudi nyumbani na njaa, anakula magimbi sahani mbili, anamtania mama, na jina langu analikumbuka. Nimefarijika mpaka naona aibu kufarijika, kwa sababu najua nimeununua usingizi wangu kwa uongo.

Shida ni kwamba Jumamosi mjomba anakwenda mjini kwenye mkutano wa klabu zote, kupinga sheria hii, na hotuba yake ananiandikisha mimi. "Andika: Hamkutuuliza! Hilo lipigie mstari mara mbili." Nililipigia. Watamjibu mbele ya watu wote kwamba walituuliza kwa maandishi, na mjomba wangu hajawahi kuchekwa na watu wa mjini. Nikisema kweli, watarudia kukaba shingoni. Kaveni, ambaye peke yake nimemwambia, ananicheka: "Wewe si mtoto wa dada yake? Ulimwomba jogoo wake akakupa. Mwombe na sheria ibaki, atakunyimaje?" Na ni kweli, kwa desturi hawezi kuninyima. Je, ninyamaze, au nimwombe?

Ni mimi,
Mruka Mstari

SHANGAZI MEREONI ANAJIBU

Mwanangu, kwanza shusha pumzi. Klabu ya karibu na kwangu ilipata barua kama yenu na nimeisoma yote. Leo bado siku kumi na moja kabla ya mwisho wa mwezi. Mlango ulioufunga unafunguka, na hakuna aliyeumia wakati umefungwa. Wengi wanaoniandikia hawana bahati hiyo.

Sasa nikukaripie. Ulimpenda kaka yako, vizuri. Lakini uliwanyang'anya watu wazima uamuzi wao, kisha ukakaa ukamwandikia mjomba wako hotuba ya kumwaibisha. Hujaona haya, kalamu ikiwa mkononi mwako?

Usimwombe sheria. Hawezi kukunyima, na ndiyo sababu hasa ya kutomwomba. Jogoo wa mjomba kula, mwanangu, lakini uamuzi wa klabu si wake kukupa. Ukiuchukua hivyo utakuwa umeruka mstari mara ya pili.

Anza na Isikeli, leo. Mwambie kiapo chake unakivunja, na umwambie usoni, si nyuma ya mgongo. Mtu aliyemwita mdogo wake kwa jina la marehemu anakwenda zahanati, sheria iwe mpya au ya zamani, na mama anajulishwa. Akikasirika, mwache akasirike akiwa njiani kwenda zahanati.

Kisha tafuta mzizi mzuri wa kava, si kile kijiti cha sokoni, umwombe yule mzee wa shingo akusemee. Ndiyo, yeye. Atafoka kwanza, halafu ataona fahari. Uweke mzizi huo mbele ya mjomba wako, uombe msamaha, na usiombe kingine chochote. Akiupokea, na ataupokea, mwombe yule mzee akuombee nafasi Ijumaa baada ya mazoezi, usome barua ya chama tena, yote. Isikeli akikubali, asimulie mwenyewe habari za mwezi wa sita. Wewe taja penalti tisa na taja ushindi. Halafu kaa chini wajadiliane. Wamecheza mechi tatu, sasa wanajua wanachokibishania, na nadhani watakushangaza. Wasipokushangaza, kichwa cha kaka yako kitakuwa kimeshaonwa na mganga, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta tangu mwanzo.

Na hotuba ya mjomba iandike upya, naye akiwa amekaa pembeni yako.

Gazeti hili litafika kwenu Alhamisi asubuhi. Utalifungua wewe kabla ya wengine. Likunje, nenda na mzizi wako kwa mjomba. Ukirudi, waite watu, uwasomee ukurasa huu kwa sauti, kuanzia juu mpaka hapa.