Unga Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Shangazi Bupe, shikamoo. Naomba unishike mkono kidogo, ingawa kwa kawaida mie ndiye nashikaga wenzangu, maana kwa mbao hakuna wa kunigusa kuanzia Chamazi mpaka Madale, nikigonga ubao mara moja tu nakwambia mti wake ulikuwa unakaliwa na kunguru au njiwa, na shule niliiacha njiani baada ya kuona walimu wananichelewesha.

Sasa ishu iko hivi. Nimemposa Nusaiba, baba yake alishafariki, hana kaka wala babu, kwa hiyo walii wake ni baba yake mkubwa, Mzee Mwishehe, anakaa nyumba ya pili na yeye ndiye wa kutuozesha mwezi ujao. Mie nikaona posa tupu haina heshima, nikamtengenezea mama mkwe, Bi Hamisa, kitanda cha mninga, kina maua ubavuni mpaka majirani wakaja kukipiga picha. Kikakaa miezi, safi. Halafu asubuhi moja naingia kusalimia, namkuta Bi Hamisa ameinama anaita, "Nusaiba, si nilikwambia usijipakie poda kitandani kwangu?" Nusaiba akamjibu, "Mama, poda gani inatoka kwenye mguu wa kitanda?" Kuchungulia, vitundu kama vya sindano, unga laini chini, na kidudu cha kahawia, chembamba kama punje ya mchele, kinatembea zake kama kimelipa kodi.

Wote wakanigeukia mie fundi. Nusaiba akasema ni mchwa, nikamcheka, mchwa analeta udongo, huyu analeta unga. Hapo nilikuwa sawa, Shangazi, ningenyamaza. Ila Bi Hamisa akauliza, "Sasa wametoka wapi, baba?" na mdomo ukanitangulia, nikaonyesha dirishani, kwenye kuni za Mzee Mwishehe, alizozipanga ukutani kwa ajili ya pilau ya harusi yetu wenyewe. Jioni hiyo hiyo Bi Hamisa akamwambia shemeji yake azihamishe. Mzee akanitazama, akasema taratibu, "Kuni zangu zimeota miguu, sio? Basi fundi wenu akatafute na walii huko huko kwenye mbao." Tangu hapo kuni kaziondoa ukutani na simu hapokei, na siku ya ndoa iko palepale.

Nishauri namna ya kumlainisha mzee bila kugusa habari za kitanda. Maana, Shangazi, kile si mninga. Ni mwembe, nimeupaka rangi.

Mashaka, Chamazi

Marahaba, Mashaka.

Kwamba si mchwa, nakupa haki yako: ni mbawakawa wadogo wanaobungua mbao. Ila somo umelisoma nusu. Wale hutaga kwenye mbao laini kama hiyo ya mwembe, watoto wao wakala ndani kimyakimya kwa miezi, na tundu unaloliona ni mlango wa kutokea, sio wa kuingilia. Hawakuruka kutoka kwenye kuni za mtu. Uliwaleta wewe, umewapaka na vanishi.

Nakuonea huruma, kijana anayetaka kumpendeza mkwe si mtu mbaya. Lakini umemsingizia mzee aliyekuwa anakukusanyia kuni za pilau yako, halafu unaniomba mimi dawa ya kumlainisha. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Nenda leo kwa Mzee Mwishehe pamoja na mshenga wako, usimtume peke yake. Usizunguke na samahani za jumla, litaje neno lenyewe: mwembe. Ukitoka hapo sema hivyo hivyo kwa Bi Hamisa, Nusaiba akiwepo, kisha ukitoe kitanda mchana kweupe kabla wadudu hawajahamia kwenye fremu za milango. Usijaribu kuziba matundu kwa rangi nyingine, nakujua. Mama alale kitandani kwa Nusaiba mpaka umtengenezee kingine, na safari hii mbao akachague mzee.

Kuni zirudishe ukutani kwa mikono yako mwenyewe. Akikukaripia, inamisha kichwa. Harusi ikisogea mbele, isogee. Bila walii huna harusi, Mashaka, una kitanda tu, nacho kinaliwa.