Ndama ndani ya stoo

Alhamisi, Julai. Ukungu haujaondoka hapa kijijini Maretadu tangu asubuhi, mahindi hayakauki, na kichwa changu kizito. Usiku wa jana tena sikulala.

Nimejaribu kwa utaratibu, kitu kimoja kimoja. Niliacha chai ya jioni. Nikabadilisha mto. Nikaacha kusoma simu kitandani. Wapi.

Wiki iliyopita nilikwenda zahanati. Nesi, binti mdogo, alinipa shikamoo, kisha akaniuliza umri wangu, kama nina mume, naishi na nani.

"Mama, umri umesogea, ni mjane, na unaishi peke yako. Watu wa hivyo wengi wanakosa usingizi."

"Sasa nipunguze kipi?"

Alicheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Mwanangu aliposikia, akapata hoja. Anakuja Jumapili kunichukua nikaishi kwake Babati. Ng'ombe wauzwe, nyumba ifungwe. "Kwangu kuna watu, mama, utalala."

Sitaki kuhama. Lakini nitabisha vipi, na macho yenyewe mekundu hivi?

Kinachonichanganya ni wifi yangu wa Nambis, dada wa marehemu mume wangu. Amenizidi umri, naye ni mjane, naye anaishi peke yake. Analala fofofo.

Jumatatu nililala kwake. Nyumba yake ni ile ya zamani: jioni ng'ombe wanaingia ndani, upande mmoja wao, upande mwingine watu. Nilikulia katika nyumba kama hiyo. Niliwasikia wakicheua, mara kumekucha.

"Wifi, umekoroma mpaka ng'ombe wameshtuka!" alinitania asubuhi. "Nyumba yako ya bati na saruji ni nzuri, lakini ni kama ofisi. Nani analala ofisini?"

Na kweli, kwake nilikuwa nimelala.

Sasa sielewi. Kilichonilaza ni ng'ombe, au ni kuwa karibu na wifi? Vyote nilivipata usiku mmoja, nashindwa kuvitenganisha.

Kwa hiyo jioni hii nimemfunga ndama stoo, ukuta mmoja na kitanda changu. Majirani wacheke tu. Nikilala, nitamwambia mwanangu sihami. Nisipolala, basi ninachokosa ni watu, na nitafungasha.

Ni mpango mzuri. Mbona basi moyo unanienda mbio?

Ndama ameshaanza kucheua. Nikimsikiliza kwa hofu namna hii, nitalalaje?